SOMO LA AFYA: MTOTO ALIUGUA KORONA NA BADO ANACHOKA. TUAMINI NAMBA IPI?

Katika toleo hili tunaendelea na masomo yetu ya afya. Somo la leo linahusu watoto walioambukizwa ugonjwa wa Korona (UVIKO-19), homa na kikohozi vikaisha, lakini baada ya wiki au miezi bado wanalalamika. Wengine wanachoka upesi, wengine kichwa kinauma, wengine wanaishiwa pumzi wakipanda kilima, wengine hawasikii harufu ya chakula.

Tangu mwaka 2021 wataalamu wa nchi mbalimbali wameandika mengi juu ya jambo hili. Namba zao zimefika mpaka huku kwetu kambini, kwa redio na kwa ujumbe wa simu. Utasikia mmoja akisema zaidi ya nusu ya watoto hawaponi. Mwingine anasema ni watoto 4 tu kati ya 100. Wa tatu anasema hakuna kitu kama hicho, ni uvivu wa watoto. Wote watatu wanasema, "Utafiti umeonyesha."

Somo hili limeandikwa kwa ajili yako wewe mzazi, mwalimu, kiongozi wa kijiji na kijana wa sekondari. Ukilimaliza utaweza kuuliza maswali sita kila unapoletewa namba ya utafiti. Huhitaji kuwa daktari. Ukijua kuhesabu mgao wako wa unga na kugundua kwamba umepunjwa, unaweza kujifunza na hili.

KOSA NILILOFANYA MIMI

Kabla ya kukufundisha, acha nikueleze kwa nini ninaandika.

Hapa Uganda shule zilifungwa mwezi Machi 2020, na madarasa yote yalirudi tarehe 10 Januari 2022. Wiki chache baada ya shule kufunguliwa, mama mmoja alikuja kwangu na mtoto wake wa miaka 12. Mtoto huyo alipimwa akakutwa na Korona katikati ya mwaka 2021. Sasa alikuwa anachoka, kichwa kinamuuma, na darasani analala juu ya meza. Mama aliniuliza, "Mwanangu, wewe umesoma. Hii ni nini?"

Siku hizo nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba zaidi ya nusu ya watoto walioambukizwa hubaki na dalili. Nilijivunia kujua namba hiyo. Nikamwambia, "Mama, hayo ni mabaki ya Korona. Watoto wengi wanayo. Ngoja, yataisha yenyewe." Akaenda nyumbani, akangoja.

Baada ya siku kumi mtoto alibebwa usiku mpaka kituo cha afya. Alikuwa na malaria, na damu yake ilikuwa imepungua sana mpaka akaongezewa nyingine. Mungu alisaidia, akapona. Lakini mama yake aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Mwanangu, si wewe uliyeniambia ningoje?"

Namba niliyosoma ilitoka kwa wataalamu wa kweli, waliofanya kazi yao kwa moyo. Kosa lilikuwa langu. Niliichukua kama jibu la mtoto yule bila kuuliza imepatikanaje.

SWALI LA KWANZA: WAMELINGANISHWA NA NANI?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote. Tuanze na mfano wa kujifunzia, ambao nimeutunga.

Tuseme tunawauliza watoto 100 wanaochota maji kwenye bomba la chini, "Je, wiki hii umeumwa kichwa?" Watoto 40 wanasema ndiyo. Watu wanaanza kulia: maji ya bomba la chini yanaumiza kichwa! Halafu mzee mmoja mwenye busara anasema, "Waulizeni na wa bomba la juu." Tunauliza watoto 100 wa bomba la juu, na 38 wanasema ndiyo. Basi maji yameleta nini hapo? Karibu hakuna. Kichwa kilikuwa kinawauma watoto wa pande zote mbili, kwa jua, kwa njaa, kwa mafua.

Kundi la bomba la juu linaitwa kundi la kulinganisha. Utafiti ambao hauna kundi hilo unaweza kutuambia kwamba watoto wanaumwa, lakini hauwezi kutuambia kwamba wanaumwa kwa sababu ya Korona.

Sasa tuje kwenye utafiti wenyewe. Moja ya taarifa za kwanza zilizosikika sana ilitoka mjini Rome, Italia, mwaka 2021. Madaktari waliwafuatilia watoto 129 waliokuwa wameugua Korona. Walikuta kwamba waliopona kabisa ni asilimia 41.8 tu, yaani watoto kama 42 katika kila 100. Wengine wote walikuwa na dalili moja au zaidi. Habari hiyo ilishtua watu. Lakini utafiti huo haukuwa na kundi la kulinganisha. Tusiwalaumu madaktari wale, maana walikuwa wa kwanza kupiga kengele na kusema watoto wasikilizwe. Ila kengele inakuamsha tu, haikuambii moto una ukubwa gani.

Baadaye Uingereza ilifanyika kazi kubwa zaidi, iliyoongozwa na Profesa Terence Stephenson wa chuo kikuu kimoja cha London. Walichukua vijana wa miaka 11 hadi 17 waliopimwa kati ya Januari na Machi 2021. Kundi moja lilikuwa la vijana 3,065 waliokutwa na Korona. Kundi la pili lilikuwa la vijana 3,739 waliopimwa wakakutwa hawana. Baada ya miezi mitatu wote waliulizwa maswali yaleyale. Majibu yalikuwa haya:

- Wenye dalili yoyote: waliokuwa na Korona, asilimia 66.5. Ambao hawakuwa nayo, asilimia 53.3.
- Wenye dalili tatu au zaidi: waliokuwa na Korona, asilimia 30.3. Ambao hawakuwa nayo, asilimia 16.2.

Soma mistari hiyo mara mbili, polepole. Ukichukua namba ya kwanza peke yake utasema, "Theluthi mbili ya watoto hawajapona Korona!" Lakini zaidi ya nusu ya wale ambao hawakukutwa na Korona nao walikuwa na dalili. Walikuwa wamekaa nyumbani muda mrefu, shule zimefungwa, hawaoni marafiki, wengine wamefiwa. Hata bila ugonjwa, kijana wa namna hiyo atachoka na kichwa kitamuuma.

Unaloweza kuangalia ni tofauti. Kwa dalili tatu au zaidi, 30.3 ukiondoa 16.2 inabaki kama 14. Maana yake, katika kila vijana 100 waliokuwa na Korona, kulikuwa na kama 14 zaidi wenye dalili nyingi kuliko katika kundi la pili. Kwa hiyo anayesema "theluthi mbili" amezidisha. Na anayesema "hakuna kitu" naye amekosea, kwa sababu tofauti ipo na inaonekana.

SWALI LA PILI: NANI ALIJIBU?

Umewahi kuitwa kwenye mkutano wa malalamiko ya mgao? Wanaotangaziwa ni kijiji kizima. Wanaokuja wengi ni wale waliopata maharagwe yenye wadudu. Aliyepata maharagwe mazuri yuko nyumbani anapika. Ukihesabu waliofika tu, utasema karibu kambi yote imepewa maharagwe mabovu.

Katika utafiti nako iko hivyo. Wale vijana wa Uingereza waliojibu walikuwa 6,804, lakini walioandikiwa barua walikuwa zaidi ya 50,000. Waliojibu ni asilimia 13.4 tu. Je, yule ambaye bado anaumwa ana hamu zaidi ya kujibu kuliko aliyepona akasahau? Inawezekana sana. Watafiti wenyewe hawakulificha jambo hilo, na hiyo ni alama ya mtafiti mwaminifu: anakuonyesha mahali ambapo kazi yake inavuja.

Denmaki pia walituma maswali kwa wazazi wa watoto wote wa umri wa chini ya miaka 15 waliokuwa wamekutwa na Korona, na kwa wazazi wa watoto wengine wa kulinganisha. Katika watoto wa miaka 12 hadi 14, wenye dalili zilizozidi miezi miwili walikuwa asilimia 46.0 kwa walioambukizwa na asilimia 41.3 kwa wengine. Kwa watoto wadogo kabisa, wa miaka 0 hadi 3, ilikuwa 40.0 kwa 27.2. Huko nako waliojibu walikuwa wachache kuliko walioulizwa, hawakufika theluthi moja.

Tena uliza: nani ameongea kwa niaba ya mtoto? Mtoto wa miaka miwili hasemi "nimechoka". Anayesema ni mama. Na mama anayejua kwamba mwanawe alikuwa na Korona anamwangalia kwa macho mawili, kila kikohozi anakiandika. Mama wa mtoto mwingine anasema ni mafua tu, anaendelea na kazi.

SWALI LA TATU: WALIHESABU NINI, NA KWA MUDA GANI?

Hapa ndipo namba nyingi zinapogombana bila sababu. Mmoja anahesabu dalili yoyote, hata kamasi. Mwingine anahesabu dalili tatu. Mmoja anahesabu wiki nne, mwingine wiki nane, mwingine miezi mitatu. Halafu sisi tunaweka namba zao pamoja kama vile walipima kitu kimoja. Ni kama kulinganisha debe la mahindi na kikombe cha mahindi kisha kuuliza kwa nini havilingani.

Uingereza kulikuwa na utafiti mwingine uliotolewa mwaka 2021, ambao wazazi waliandika hali ya watoto wao kwenye simu karibu kila siku. Watoto walikuwa 1,734 wenye umri wa miaka 5 hadi 17, wote walikutwa na Korona na kuonyesha dalili. Kwa kawaida ugonjwa ulidumu siku 6. Waliokuwa na dalili baada ya siku 28 walikuwa 77, yaani asilimia 4.4. Kati ya 1,379 walioweza kufuatiliwa mpaka siku 56, waliobaki na dalili walikuwa 25, yaani asilimia 1.8. Katika watoto wengine 1,734 waliopimwa wakakutwa hawana Korona, waliobaki na dalili baada ya siku 28 walikuwa 15 tu.

Ndiyo ile "4 kati ya 100" tunayoisikia. Unaona sasa kwamba haipingani moja kwa moja na ile 66.5. Huku walifuata ugonjwa mmoja tangu siku ulipoanza mpaka ulipoisha. Kule waliuliza mara moja, baada ya miezi mitatu, "Leo una dalili gani?" Maswali tofauti huzaa majibu tofauti.

Ili watu waongee lugha moja, mwezi Februari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa maelezo maalumu kwa watoto. Mambo makuu ni manne:

1. Mtoto awe aliambukizwa Korona, au iwe inaelekea sana kwamba aliambukizwa.
2. Dalili zianze ndani ya miezi mitatu baada ya kuambukizwa.
3. Dalili zidumu angalau miezi miwili.
4. Dalili ziguse maisha yake ya kila siku, kama kula, kucheza, kusoma, kazi za nyumbani.

Hilo la nne lishike sana. Kamasi inayomruhusu mtoto kucheza mpira haiko sawa na uchovu unaomzuia kufika shule.

SWALI LA NNE: WALIKUWA WANGAPI?

Huko Zürich, Uswisi, walichagua shule kwa bahati nasibu na kuwapima watoto damu ili kuona kama mwili ulikuwa umetengeneza kinga dhidi ya Korona. Njia hii ni nzuri, kwa sababu inawapata hata wale walioambukizwa bila kuugua. Watoto 109 walikuwa na kinga hiyo, na 1,246 hawakuwa nayo. Waliokuwa na dalili zilizopita wiki 12 walikuwa 4 katika wale 109, na 28 katika wale 1,246. Kwa asilimia ni kama 4 kwa 2.

Mtu wa haraka atasema, "Waliopata Korona wanaumwa mara mbili zaidi!" Lakini angalia: ni watoto wanne. Mmoja tu angekuwa amepona, ingekuwa watatu, na asilimia ingeshuka karibu na 3. Mmoja akiongezeka, inakaribia 5. Namba inayoyumba kwa sababu ya mtoto mmoja usiijengee nyumba. Utafiti wenye njia nzuri na watu wachache unakuambia kwamba tatizo si la watoto wengi. Hauwezi kukuambia idadi kamili.

Na vipimo navyo vinakosea. Kipimo cha pua kikifanyika kwa kuchelewa hakioni kitu. Kinga ya damu hupungua kwa muda. Kwa hiyo katika kundi la "hawana" huenda wamo waliokuwa nayo. Hilo linaweza kuficha sehemu ya tofauti. Ndiyo maana nasema makosa huvuta pande zote mbili, mengine yanaongeza namba na mengine yanaipunguza.

SWALI LA TANO: NI WATU WALEWALE?

Nenda bombani saa moja asubuhi, utakuta foleni ya watu 30. Rudi saa tatu, utakuta watu 30. Je, ni walewale? Hapana. Wa kwanza wamejaza madumu yao wakaenda, wengine wamefika. Foleni imebaki, watu wamebadilika.

Wale watafiti wa Uingereza waliendelea kuwauliza vijana kwa mwaka mzima. Walipotazama jumla tu, ilionekana kama uchovu na kuishiwa pumzi vinaongezeka. Lakini walipomfuata kijana mmoja mmoja, walikuta kwamba wengi waliolalamika mwanzoni walikuwa wamepata nafuu, na wengine walikuwa wameanza kulalamika baadaye, hata katika wale ambao hawakukutwa na Korona. Ilikuwa foleni.

Mwaka 2024 walitoa matokeo ya miaka miwili. Vijana 943 walioambukizwa walijibu kila mara walipoulizwa. Baada ya miezi mitatu, 233 kati yao walikuwa na dalili za kufikia kipimo cha ugonjwa unaobaki. Waliobaki hivyo kila walipoulizwa, mpaka miezi 24, walikuwa 68, yaani asilimia 7.2 ya wote. Hapo kuna habari mbili. Ya kwanza ni njema: wengi wa walioanza vibaya walipata nafuu. Ya pili ni nzito: vijana 68 waliteseka miaka miwili, na hao ni watu wa kweli, si kosa la hesabu.

SWALI LA SITA: WANAFANANA NA WATOTO WETU?

Tafiti zote nilizotaja zilifanyika Ulaya. Mtoto wa Zürich hana malaria. Hatembei na dumu la lita 20 kichwani. Hajalala njaa kwa sababu mgao umepunguzwa. Hajakimbia risasi usiku. Ukimkuta amechoka miezi mitatu, sababu zinazoweza kumchosha ni chache.

Mtoto wetu ana sababu nyingi. Malaria humchosha na kumuumiza kichwa. Minyoo na chakula kisichotosha humpunguzia damu, naye akiwa na damu kidogo huishiwa pumzi. Kifua kikuu huleta kikohozi kisichoisha na kukonda. Ndoto mbaya za vita humnyima usingizi, akasinzia darasani. Macho mabovu humpa kichwa kila akisoma ubao. Yote haya yana dalili zilezile zinazoandikwa katika tafiti za Korona, na karibu yote yana dawa au msaada hapa hapa.

Kwa hiyo ukichukua namba ya Ulaya na kuiweka juu ya mtoto wa hapa, unaweza kumfanyia nilichomfanyia yule mtoto wa miaka 12.

LAKINI USIMTUPE MTOTO

Ndugu msomaji, nisingependa ufunge karatasi hii ukisema, "Basi, mambo ya mabaki ya Korona ni uongo." Nina kisa cha pili.

Baadaye nilifahamiana na msichana wa miaka 14. Huyu alipimwa malaria, hana. Damu yake ilitosha. Alitibiwa minyoo, kifua kilichunguzwa, hakuna kitu. Lakini tangu alipougua Korona alikuwa akipanda kilima na dumu la maji anakaa chini njiani mara tatu, akihema. Shuleni aliitwa mvivu. Nyumbani shangazi yake alimwambia anajifanya ili aepuke kazi. Mtoto alianza kuamini kwamba ni kweli.

Kwake yeye tafiti hizi zilikuwa msaada. Katika vijana wa Uingereza, kuishiwa pumzi baada ya miezi mitatu kulikuwa kwa asilimia 23.4 ya walioambukizwa, na asilimia 10.3 ya wengine. Tofauti hiyo si ndogo. Nilikaa na shangazi na mwalimu, nikawaeleza kwa lugha rahisi kwamba hali hii imeonekana kwa watoto wengine, kwamba wengi hupata nafuu polepole, na kwamba mtoto hadanganyi. Wakampa dumu dogo la lita 5. Mwalimu akamruhusu kukaa wakati wa mbio. Baada ya miezi alikuwa anabeba lita 10, na sasa amerudi kwenye lita 20 kama wenzake.

Namba ya watoto elfu haiwezi kutoa hukumu juu ya mtoto mmoja. Haikuruhusu kumwambia "ngoja" kabla ya kumpima, na haikuruhusu kumwambia "unadanganya" baada ya kumpima.

UFANYE NINI MTOTO WAKO AKIBAKI NA DALILI?

1. Mpeleke kituo cha afya kwanza. Omba apimwe malaria. Mwambie mganga dalili zilianza lini, na kama aliwahi kuugua Korona.
2. Angalia viganja vyake na ndani ya kope za chini. Vikiwa vyeupe, damu inaweza kuwa imepungua. Usikawie.
3. Kikohozi kikipita wiki mbili, sema wazi ili achunguzwe kifua kikuu.
4. Muulize mtoto mwenyewe, mkiwa wawili tu. Analalaje? Anaota nini? Nani anampiga au kumcheka shuleni? Mara nyingine jibu liko hapo.
5. Kama vipimo vyote ni vizuri na uchovu umebaki, mpe muda. Punguza kazi nzito, kisha ziongeze kidogo kidogo. Akizidiwa siku inayofuata, rudi nyuma hatua moja. Mjulishe mwalimu.
6. Usinunue dawa za "kusafisha damu" au vidonge vya rangi mbili sokoni. Fedha itaisha na ugonjwa utabaki.
7. Mrudishe kituoni kila mwezi mpaka apate nafuu, au mapema zaidi akibadilika.

Akipata shida kubwa ya kupumua, akitetemeka kwa degedege, akipoteza fahamu, au akishindwa kunywa, usisome karatasi. Mbebe mara moja, hata kama ni usiku.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Ukiletewa namba ya utafiti, uliza: Wamelinganishwa na nani? Nani alijibu? Walihesabu nini, na kwa muda gani? Walikuwa wangapi? Ni watu walewale? Wanafanana na watoto wetu? Anayekuletea namba akishindwa kujibu hata moja, mshukuru kwa habari, lakini usibadilishe matunzo ya mtoto kwa sababu ya namba hiyo.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chenu watu wanasema nini juu ya watoto waliougua Korona? Maneno hayo yalitoka wapi?
2. Mtu akisema, "Watoto 20 kati ya 30 wa darasa letu wanaumwa kichwa tangu chanjo ya surua," ungemuuliza swali gani la kwanza?
3. Kwa nini waliokuja kwenye mkutano hawawezi kusema kwa niaba ya kijiji kizima?
4. Mtoto mmoja ana damu kidogo, na pia aliwahi kuugua Korona. Mtaanza na lipi? Kwa nini?
5. Mwalimu anamwita mtoto mvivu. Wewe kama mzazi utamwambiaje bila kugombana naye?

Someni pamoja, na ambaye hajui kusoma asomewe. Yule mama wa mtoto wa miaka 12 naye yuko katika kikundi chetu cha kila Alhamisi. Ndiye aliyenihimiza niandike somo hili, akasema, "Waandikie, mwanangu, wasingoje kama mimi."